Kusafirisha mwili, kuzika hukohuko au kurudisha majivu: familia ichague nini ndugu akifia ughaibuni

Ndugu anapofia nje ya nchi, uamuzi mkubwa kuliko yote mara nyingi hupita bila familia kujua kwamba umeshafanywa. Mochwari ya huko inauliza kama mwili utiwe dawa. Jamaa mmoja aliye karibu, aliyekesha usiku wa pili sasa, anaitikia. Kuanzia hapo milango kadhaa imefungwa: vipimo vya sumu haviaminiki tena, Muislamu aliyepaswa kuzikwa upesi ameshaingizwa kwenye safari ndefu, na bili ya kampuni ya mazishi imeanza kuandikwa.

Ndiyo maana tunaomba familia izijue njia zake kabla dawa haijaingia mwilini. Njia ziko tatu, na kila moja ina mahali inapofaa.

| | Kusafirisha mwili | Kuzika hukohuko | Kuchoma na kurudisha majivu |
|---|---|---|---|
| Muda | Wiki 1 hadi 3 kutoka Ulaya na Marekani. Ghuba huweza kufika miezi | Siku chache baada ya karatasi kukamilika | Wiki 1 hadi 2, kisha yanasafiri na abiria |
| Gharama kubwa iko wapi | Kutia dawa, jeneza la zinki, nauli ya mzigo, kupokea uwanjani | Kiwanja cha kaburi | Tanuri na karatasi tu |
| Nani anahudhuria | Ukoo wote wa nyumbani | Waliopo huko, na wenye viza | Wote, kwa wakati wowote mtakaopanga |
| Kizuizi kikuu | Karatasi na pesa | Kaburi la mbali, pengine la kukodi | Dini na mila |

Jedwali linarahisisha mambo. Undani ndio unaoamua, na undani hauko sawa kila mahali.

Mambo mawili ya kumaliza kwanza

La kwanza ni kama kifo kina utata. Dada aliyekuwa akifanya kazi za ndani Riyadh amefariki ghafla, na ujumbe wake wa mwisho wa sauti ulieleza kupigwa. Familia inataka uchunguzi wa pili nyumbani. Ni haki yake, lakini ijue kwamba kutia dawa kunafanyika kwa kupitisha fomalini kwenye mshipa mkubwa wa shingo au wa paja huku damu ikitolewa. Daktari wa Muhimbili au wa Nairobi akiufungua mwili huo bado anaweza kuona mfupa uliovunjika, jeraha au damu iliyovilia. Sumu, pombe na vidonge hawezi kuvipima kwa uhakika, maana damu yenyewe haipo. Familia iandike barua kwa ubalozi mapema, iombe uchunguzi ufanyike huko kabla ya dawa, sampuli za damu, mkojo na vilivyomo tumboni zihifadhiwe, na ripoti ipatikane kwa maandishi. Ombi la aina hiyo likitolewa baada ya jeneza kufungwa, limechelewa.

La pili ni nani mwenye sauti. Uingereza na Marekani, anayetia saini kwa kampuni ya mazishi ni msimamizi aliyetajwa kwenye wosia au ndugu wa karibu kisheria, na kwa aliyeoa au kuolewa huyo ni mwenzi wake. Ukoo wa nyumbani unaweza kukaa vikao saba, lakini mjane aliye Leeds asipotia saini mwili hausogei. Nyumbani mizani huweza kuegemea upande mwingine. Wakenya wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986: mjane wake alitaka kumzika nje ya Nairobi, ukoo wake wa Kiluo ukataka azikwe kwao Nyalgunga. Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, na mazishi yakafanyika tarehe 23 Mei 1987. Mwili ulikaa mochwari miezi 5. Mvutano wa namna hiyo ukitokea baina ya nchi mbili, kila siku ya mochwari inalipiwa kwa pauni au dola. Mzungumze na mjane au mgane kwanza, kabla ya kuchapisha namba ya michango.

Kusafirisha mwili

Karatasi zinazotakiwa zinafanana karibu kila nchi: cheti cha kifo, pasipoti ya marehemu ambayo ubalozi huifuta, cheti cha kutiwa dawa, barua kwamba marehemu hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, tamko la kampuni ya mazishi kwamba jeneza halina kitu kingine ila mwili na nguo zake, kibali cha kuutoa mwili nchini, barua ya ubalozi, na hati ya mzigo wa ndege yenye jina na simu ya mpokeaji. Kinachotofautiana ni nani anatoa kipi, na kipi kinasubiri kipi.

England na Wales, hata mgonjwa aliyefia hospitalini kwa maradhi yanayojulikana hatolewi nchini mpaka mchunguzi wa vifo wa eneo hilo aarifiwe kwa fomu namba 104 na kujibu kwa fomu namba 103. Anapewa siku 4 kamili za kujibu, ingawa akiombwa kwa sababu ya msingi huweza kujibu mapema. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, kila kifo kisichokwenda kwa mchunguzi huyo hupitiwa pia na daktari mkaguzi kabla ya kusajiliwa. Familia inayokata tiketi za kusindikiza mwili kabla ya fomu 103 kutoka inajitafutia hasara ya kubadilisha tarehe. Na kama kifo kimefunguliwa uchunguzi wa kimahakama, msikate tamaa: mchunguzi anaweza kutoa cheti cha muda na kuuruhusu mwili uondoke, huku uchunguzi wenyewe ukiendelea kwa miezi bila nyinyi kuwepo.

Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Vyeti vya kifo huagizwa jimboni, kibali cha kusafirisha hutolewa na serikali ya mtaa, na shirika la ndege halipokei mwili kutoka kwa mtu binafsi: anayeupeleka lazima awe mtumaji aliyesajiliwa kwa taratibu za usalama wa mizigo. Hiyo ndiyo sababu huwezi kuikwepa kampuni ya mazishi hata kama una gari na watu wa kubeba. Agizeni nakala halisi za cheti zisizopungua 10. Benki itataka yake, bima yake, mwajiri wake, ubalozi wake na mahakama ya mirathi nyumbani yake. Kuagiza nyingine baadaye kutoka Dodoma au Kakamega ni kazi ya wiki nyingi.

Ghuba mlolongo ni mrefu zaidi kwa sababu polisi, hospitali, mwajiri na ubalozi kila mmoja anamsubiri mwenzake. Ofisi za Saudia na Oman hufungwa Ijumaa na Jumamosi. Za Falme za Kiarabu, tangu 2022, hufungwa Jumamosi na Jumapili na Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Aliyefariki Alhamisi jioni Jeddah hana karatasi hata moja inayosogea kabla ya Jumapili. Ubalozi mara nyingi huomba barua ya familia inayosema waziwazi ama mwili usafirishwe ama uzikwe huko, na ikitaja nani amepewa mamlaka ya kufuatilia. Barua hiyo ipite kwa serikali ya mtaa au kwa chifu, iambatane na vitambulisho vya watia saini, kisha iende wizara ya mambo ya nje. Barua iliyoandikwa na shangazi peke yake wakati mume yupo hai itarudishwa.

Linalokwamisha kuliko yote, na ambalo halionekani mapema, ni jina. Pasipoti inasema Mwanaisha Juma Ali, kibali cha ukaazi kilichoandikwa kwa Kiarabu kikisomwa upya kwa herufi za Kilatini kinakuwa Aisha Jumah, na cheti cha kifo kinafuata kibali. Ndege inataka jina moja kwenye karatasi zote. Mtu wa kwanza kupata nakala ya cheti ailinganishe na pasipoti herufi kwa herufi, na makosa yasahihishwe huko kabla muhuri haujapigwa. Vyeti vya Kiarabu vitafsiriwe na kuthibitishwa hukohuko pia, kwa ajili ya mirathi.

Sasa jeneza lenyewe. Mwili unalazwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa wala maji, kwa kawaida jeneza lililotandikwa bati la zinki na kulehemiwa pande zote, kisha linaingizwa kwenye kasha la mbao au boksi gumu la nje. Ndege hutoza kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa, isipokuwa mashirika yenye bei moja kwa mwili. Uzito wa ujazo ni urefu kwa upana kwa kimo, kwa sentimita, kugawanya kwa 6,000. Kasha la sentimita 210 kwa 75 kwa 60 linatoa kilo 157.5. Jeneza la Kimarekani la kifahari likiwekwa kwenye boksi la 220 kwa 80 kwa 65 linatoa kilo karibu 191. Hizo kilo 33 za ziada ni hewa mnayoilipia nauli, na bado jeneza lenyewe ni ghali zaidi. Tunashauri jeneza la kawaida lenye zinki, na kama familia inataka la kuonekana vizuri, linunuliwe nyumbani.

Kuna sababu nyingine ya kukataa jeneza kubwa. Jeneza la kawaida la chuma la Marekani lina urefu wa sentimita 213 hivi na upana wa 71, na vishikio vyake vimetokeza pembeni. Vijana wa kijijini wamechimba kaburi kwa kipimo cha jeneza la fundi wa pale. Padri ameshamaliza sala, kamba zimeshikwa, jeneza linateremka nusu mita na kukwama kwenye mabega ya kaburi, na mbele ya mama mzazi vijana wanarudi kushika majembe. Tumeni vipimo vya jeneza nyumbani siku hiyohiyo linapochaguliwa, na muongeze nafasi ya kutosha ya mikono ya wanaoteremsha.

Mwili haupokelewi kwenye mlango wa abiria. Unapokelewa kwenye ghala la mizigo, mara nyingi saa kadhaa baada ya ndege kutua, baada ya maofisa wa afya wa uwanjani na wa forodha kuziona karatasi na ada za ghala kulipwa. Aliyetajwa kama mpokeaji afike mwenyewe na kitambulisho. Shangazi arobaini wenye mitandio myeupe wakisubiri upande wa abiria hawataliona jeneza, na joto la Dar es Salaam saa nane mchana si la kusimamisha wazee bila sababu. Nendeni watu wanne, wakala wa kutoa mizigo akiwa mmoja wao, na gari ambalo mmelipima: kasha la mita 2.1 haliingii kwenye kila Noah.

Kama safari inaendelea mkoani kwa ndege ndogo, ulizeni mlango wa mizigo wa ndege hiyo una upana gani kabla ya kulipa. Mara nyingi barabara ndiyo jibu.

Na kuaga? Jeneza lililolehemiwa lifunguliwe mochwari na watu wa kazi hiyo, kamwe si sebuleni. Bati hukatwa kwa mkasi wa bati, kingo zake zinachana mikono, na hakuna anayejua hali ya ndani baada ya siku 12 na ndege mbili. Mpeleke mwili mochwari kwanza, wataalamu wautazame, kisha wao wawaambie kama uso unaweza kuonyeshwa. Kama barua inasema ugonjwa wa kuambukiza, lisifunguliwe kabisa. Kwa Muislamu, ulizeni huko kama anaweza kuoshwa na kukafiniwa kabla ya jeneza kufungwa, na atakayemuosha awe Muislamu wa jinsia yake.

Kuzika hukohuko

Kwa Muislamu aliyefia Ghuba, tunasema bila kusita: hii ndiyo njia ya kufikiriwa kwanza. Sheria ya dini inahimiza haraka, wanazuoni wengi hawapendi maiti ahamishwe bila dharura, na kutiwa dawa kunaepukwa. Anaoshwa na Waislamu, anasaliwa msikitini na umati, anazikwa bila jeneza wala deni. Mahujaji wanaofariki Makka na Madina huzikwa hukohuko, na familia za Unguja na Mombasa zimelipokea hilo kwa vizazi kama heshima. Kinachotakiwa ni barua ya ridhaa ya familia kupitia ubalozi, na kabla ya kuiandika malizeni kwanza lile suala la utata wa kifo lililotangulia. Mwili ukishazikwa, kuufukua ni jambo jingine kabisa. Ombeni namba ya kaburi na jina la makaburi kwa maandishi, maana makaburi mengi ya Saudia hayana jiwe lenye jina.

Kwa Mkristo aliyefia Saudia njia hii ni finyu mno: sehemu za kuwazikia wasio Waislamu ni chache sana, na kuchoma hakupo. Huko kusafirisha ndiyo njia halisi.

London ni tofauti. Makaburi ya Kiislamu ya Gardens of Peace yamekuwa yakizika tangu 2002, na Brookwood, Surrey, ina sehemu za Waislamu pia. Misikiti mikubwa ina huduma zake za mazishi, na kifo cha kawaida kilichosajiliwa upesi huzikwa ndani ya siku chache. Mchunguzi wa vifo akitaka kupasua mwili, ulizeni kama eneo hilo lina uchunguzi kwa picha za skana badala ya kisu. Baadhi ya maeneo wanayo, kwa malipo. Angalieni pia anuani: halmashauri nyingi humtoza mara mbili au tatu marehemu ambaye hakuwa mkazi wa eneo lake.

Jambo ambalo familia za Afrika Mashariki hulijua kwa uchungu, miaka ikiwa imepita, ni kwamba kaburi la Ulaya mara nyingi ni la kukodi. Ujerumani kawaida ni miaka 20 hadi 25. Baada ya hapo, asipokuwepo wa kulipia upya pale inaporuhusiwa, jiwe linaondolewa na nafasi anapewa mwingine. Uholanzi kaburi la pamoja hupewa angalau miaka 10. Uingereza haki ya kaburi huweza kufika miaka 100, kulingana na mkataba. Marekani kwa kawaida unanunua nafasi moja kwa moja. Mtoto aliyezaliwa Hamburg leo atakuwa na miaka 25 hivi siku barua ya manispaa itakapofika, kwa Kijerumani, kwenye anuani ambayo familia ilishahama. Kama mnazika Ujerumani au Uholanzi, mtu mmoja mwenye umri mdogo aandikwe kama mwenye kaburi, na tarehe ya mwisho iwekwe kwenye karatasi za familia.

Ugumu mwingine ni viza. Mama aliye Tabora hapati viza ya Uingereza kwa siku tatu. Atazika kwa simu, na hilo si dogo. Lisemeni waziwazi kwenye kikao, kabla hajalisikia kwa mjukuu.

Majivu

Kwa bei na kwa wepesi, hakuna kinachoshindana na njia hii. Marekani kuchoma bila ibada ya kuaga mara nyingi ni kati ya dola 1,000 na 3,000. Majivu ya mtu mzima ni kilo 2 hadi 3 tu, yanaingia kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha kuchoma, cheti cha kifo na barua ya ubalozi. Chombo kiwe cha mbao, plastiki au kitu kingine ambacho mashine ya ukaguzi inaona ndani yake. Chombo cha chuma kizito kitakataliwa, kwa sababu wakaguzi wa viwanja vya Marekani hawakifungui chombo cha majivu hata msafiri akiwaomba. Kama marehemu alikuwa na kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, wahudumu waambiwe, maana betri yake hulipuka ndani ya tanuri.

Muislamu hachomwi, na hapo hakuna mjadala. Kanisa Katoliki liliruhusu mwaka 1963, na mwaka 2016 likasisitiza kwamba majivu yazikwe au yahifadhiwe mahali patakatifu, yasigawanywe wala kumwagwa. Kenya Wangari Maathai alichomwa Kariokor mwaka 2011 kwa wosia wake mwenyewe. Bado koo nyingi haziwezi kulipokea jambo hili, na ushauri wetu ni mmoja: msichague kuchoma kwa sababu ya bei peke yake kama marehemu hakulisema. Deni la mazishi hulipwa likaisha. Mama anayeuliza kila mwaka kwa nini mwanawe alichomwa hana mahali pa kupeleka swali lake.

Nani analipa

Ulaya na Marekani jibu la kawaida ni familia, bima kama ipo, na michango. Ubalozi hutoa karatasi. Msipange bajeti mkitegemea utalipa nauli. Kulinganisha kampuni ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Marekani, kanuni ya shirikisho ya mwaka 1984 inailazimu kampuni ya mazishi kutaja bei hata kwa simu, kutoa orodha ya bei kipengele kwa kipengele, na kulipokea jeneza mlilonunua kwingine bila kuwatoza kwa hilo. England, Wales na Scotland tangu Septemba 2021 kampuni lazima ioneshe orodha ya bei ya muundo mmoja. Piga simu tatu. Uliza kila mmoja: kuchukua mwili, kutia dawa, jeneza na zinki, kasha la nje, karatasi na ubalozi, kufikisha uwanjani, nauli ya ndege kwa kilo ngapi, na ada za kupokea nyumbani. Anayekupa jumla moja bila vipengele mwache. Mara nyingi kinachokosekana kwenye jumla hiyo ni upokeaji, na hapo ndipo familia hukutwa ghalani na bili mpya.

Kampuni ya huko au ya nyumbani? Kampuni ya London au Minneapolis inayowahudumia Waafrika kila mwezi inajua karatasi za ubalozi wako na haitumi mwili Ijumaa kwenda kufika siku ya sikukuu. Kampuni ya nyumbani inajua ghala, gari na mochwari. Bora zaidi ni ya huko ibebe hadi uwanja wa ndege wa nyumbani, na wakala wa nyumbani apokee, kila mmoja na bei yake kwenye maandishi.

Ghuba swali la kwanza ni mwajiri. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya Saudia kinamtaka mwajiri agharimie kuandaa na kusafirisha mwili hadi mahali mkataba ulipofungwa au mfanyakazi alipotolewa, isipokuwa familia ikikubali azikwe huko. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo kwenye sheria hiyo. Wana kanuni zao, na mkataba wao ndio unaosomwa kwanza. Tafuteni nakala ya mkataba kwa wakala aliyempeleka, siku ya kwanza, kwa sababu wakala asiyepokea simu siku ya kwanza atakuwa amefunga ofisi siku ya kumi. Kama marehemu alikuwa ametoroka kwa mwajiri, mwajiri mara nyingi hukataa kulipa, na mwili husubiri mochwari mpaka ubalozi na jamaa wapate njia.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Ghuba. Familia inaweza kuletewa karatasi ya kutia saini kwamba haina madai yoyote, ili mwili utoke upesi. Ndani ya madai hayo kuna mishahara ambayo haikulipwa, stahili za mwisho wa kazi, na pengine fidia. Omba barua mbili tofauti: moja ya kuuruhusu mwili uondoke, nyingine ya madai, itakayofuatiliwa na ubalozi au wakili. Msiuze haki ya watoto kwa tarehe ya ndege.

Kuhusu michango, akaunti moja, waweka hazina wawili, na bili ya kampuni ipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kuomba shilingi ya kwanza. Kampeni za GoFundMe zinataka mpokeaji mwenye akaunti ya benki kwenye nchi wanazozihudumia, kwa hiyo jamaa wa huko ndiye afungue, na pesa huchukua siku kadhaa kutoka. Kampuni nyingi hazianzi kazi bila malipo ya awali. Anayetoa mchango mkubwa siku ya kwanza huokoa siku nzima ya mochwari.

Kwa hali yako

Muislamu, Ghuba, kifo kisicho na utata: mzike huko, na fedha ambazo zingelipa jeneza ziende kwa watoto. Mkristo, Ghuba: safirisha, mwajiri alipe, madai yabaki wazi. Kifo chenye maswali, popote: uchunguzi kwanza, kisha ndiyo muamue.

Aliyeishi Uingereza au Marekani miaka 30, ana watoto na wajukuu huko, na hakuacha neno: tunaona heri azikwe walipo wanawe, na nyumbani ifanyike arobaini au misa. Kaburi linatunzwa na walio karibu nalo. Aliyeondoka miaka 3 iliyopita, mke na watoto wako Mwanza: asafirishwe, hata kwa jeneza la bei ya chini kabisa. Aliyeacha maandishi kwamba achomwe: fuateni maandishi yake, na mjulishe ukoo kabla, si baada.

Na kama hamjaafikiana usiku huu, iambieni mochwari maneno haya: mwili ubaki kwenye jokofu, usitiwe dawa mpaka mtakapoandika. Siku 2 za jokofu ni gharama ndogo, na zinawapa nafasi ya kumpigia mjane, ubalozi na imamu au padri, kila mmoja kwa zamu yake.